Meza na Depo

Kwenye skrini kulikuwa na namba moja na herufi mbili: 1 Ko. Niliiona siku nilipohamishia kazi yangu kwenye flashi. Niliiona tena wiki tatu baadaye kwenye mashine ya chuo. Mara zote mbili niliipita kama mgeni anavyopita kibao cha barabarani kilichoandikwa kwa lugha asiyoijua. Mimi ni mwanafunzi wa isimu. Naweza kukueleza, msomaji, tofauti ya fonimu na alofoni, na kwa nini "kitabu", neno la Kiarabu lililokuja na "ki" yake kutoka kwao, limekubali kuitwa "vitabu" kana kwamba lilizaliwa katika ngeli yetu. Lakini sikujua "Ko" ni nini, na kutojua huko kulinigharimu sauti ya babu yangu.

Upande wa baba sisi ni Walokele, watu wa mto, wanaokaa chini ya Kisangani kuelekea Isangi. Upande wa mama ni watu wa mjini, wa Kabondo. Huko ndiko nilikokulia, nyumbani tukisema Kiswahili, barabarani Lingala, shuleni Kifaransa. Kilokele nilikuwa nacho nusu nusu: nilielewa nikiitwa kula, nikitumwa maji na nikitukanwa. Ulipofika wakati wa kuchagua kichwa cha memwari, ile kazi ya kumalizia masomo, niliona aibu kuandika juu ya lugha za wengine huku ya baba yangu ikinipita. Nikapanda pirogi ya mota, nikashuka kwa babu.

Babu alikuwa mpigaji wa ngoma ya mti, ile ambayo kwa Lingala huitwa lokole. Ni gogo zima lililochimbwa ndani kupitia ufa mwembamba, na kwenye ufa huo kuna midomo miwili: mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Ngoma hiyo si ya kuchezea. Ni ya kusemea. Kilokele ni lugha ya toni, kila silabi ina urefu wake wa sauti, na anayekosea toni anakosea neno. Wenyewe wana mfano wa kuchekesha: sentensi moja, ukibadilisha toni tu, yule aliyekuwa akitazama ukingo wa mto anakuwa amempika mama mkwe wake. Ngoma huchukua toni hizo na kuacha konsonanti na irabu zote.

Hapo ndipo penye ugumu. Ukitoa konsonanti na irabu, maneno mengi mafupi yanafanana. Kwa hiyo mpigaji hasemi neno likiwa uchi. Akitaka kusema mwezi, hasemi mwezi tu. Husema mwezi unaoitazama dunia kutoka juu. Kila neno lina mkia wake unaojulikana na watu wote, na mkia huo ndio unaoondoa shaka. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Yakusu mwaka 1938, aliisoma ngoma hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1949 akatoa kitabu kiitwacho Talking Drums of Africa. Mwaka 2011 mwandishi Mmarekani James Gleick alipotoa historia yake ya habari, kutoka ngoma na maandishi mpaka kompyuta, sura ya kwanza aliitoa kwa ngoma hizi za kwetu. Sikulijua hilo nilipokuwa nimekaa kwenye kiti cha babu na simu yangu mkononi. Nilijua tu kwamba mikia ile ilikuwa inasahaulika, na kwamba yeye alikuwa nayo mingi.

Tulifanya vikao 11. Babu alipiga kwanza, kisha akasema kwa mdomo, kisha akanieleza. Nilirudi mjini na karibu saa mbili za sauti kwenye simu.

Sina kompyuta, na wenzangu wengi katika idara hawana. Kizazi chetu kilianza na simu. Kwenye simu hakuna anayekuuliza kama unataka kuhifadhi: unapiga picha, inakaa, unaandika ujumbe, unakaa. Kwa hiyo tunafika mwaka wa tatu au wa nne tukiwa na vidole vyepesi na maneno machache. Tukikaa mbele ya mashine kila mtu anajifanya anajua, kwa maana kuuliza "folda ni nini" ukiwa na miaka 24 ni kama kuuliza choo kiko wapi katika nyumba yako mwenyewe.

Nilikwenda sekretaria, moja ya vile vyumba vidogo vya Makiso ambako watu huchapisha, hunakili na kuandikisha kazi zao. Mwenye chumba ni mama wa makamo aliyekuwa muuza vitenge sokoni kabla ya kununua mashine zake mbili na printa. Nililipa kwa saa. Kijana anayemsaidia alihamisha sauti zangu kutoka kwenye simu, akaniwekea alama ya folda kwenye skrini, nami kwa majuma kadhaa nikawa nafungua alama ile, nasikiliza, naandika. Zilitoka kurasa 38. Siku ya mwisho nilichomeka flashi, nikanakili ile alama, nikaibandika. Ilimalizika kabla sijapepesa macho. Nilifurahi kwamba mashine ilikuwa na mbio. Usiku ule, kwa kuwa simu yangu ilikuwa imejaa na ikilalamika, nilifuta sauti zote 11.

Wiki tatu baadaye, kwenye mashine ya chuo, alama ile haikufunguka. Nilirudi sekretaria kwa miguu, jua likiwa kali, nikiwaza kwamba flashi imekufa.

"Papa, ile mashine ilipata virisi," mama alisema. "Fundi alikuya, akaiformatea. Lakini kazi yako si uliibeba ku flashi?"

"Niliibeba, mama."

Alichukua flashi, akaichomeka, akasogea karibu na skrini. Alikaa kimya kidogo.

"Hapana, papa. Ulibeba njia. Nyumba uliibakisha hapa."

Kwenye pembe ya ile alama, chini kushoto, kulikuwa na mshale mdogo. Nimeutazama majuma mazima na sikuwahi kuuona. Kijana wa sekretaria alikuwa ameweka folda yenyewe ndani ya diski, na kwenye skrini akaweka kile ambacho Kifaransa kinakiita "raccourci", njia ya mkato. Njia ya mkato si kazi. Ni kikaratasi kinachosema kazi iko wapi. Ukikinakili kikaratasi, umenakili kikaratasi. Na hiyo ndiyo ilikuwa maana ya 1 Ko.

Ko ni kifupi cha kilo-okteti. Okteti ni kikundi cha alama nane, na kila alama ni moja kati ya mbili tu, 0 au 1. Alama nane za namna hiyo zinatoa michanganyiko 256, na herufi moja ya kawaida hukaa katika okteti moja. Herufi kama ɛ na ɔ, zile tunazohitaji kwa Kilokele na Lingala, katika uandishi wa leo wa kompyuta huchukua okteti mbili. Ukurasa wenye herufi 2,000 una uzito wa kama Ko 2. Dakika moja ya sauti iliyobanwa kwa namna ya kawaida ni kama Mo 1, yaani okteti elfu moja mara elfu moja. Kurasa zangu 38 na saa zangu mbili za sauti zisingeweza kuingia katika Ko 1, kama vile mtumbwi usivyoweza kuingia katika chupa. Mashine ilikuwa imeniambia ukweli tangu siku ya kwanza. Iliniambia kwa lugha yake, nami nikaona aibu kuuliza tafsiri.

Mama hakunicheka. Alinivutia kiti, na kwa kuwa siku ile umeme ulikuwa umeondoka na hakukuwa na mteja, alinieleza mashine nzima kwa maneno ya soko.

"Muuzaji iko na meza na iko na depo," alisema. "Vitu vinavyouzwa sasa viko ku meza. Vingine viko ku depo. Mangaribi yote inaingia ku depo, kwa sababu ukiacha ku meza, asubuhi hauvikuti."

Meza ni ile kumbukumbu ambayo Kifaransa huiita hai: mashine huweka humo kile inachokifanyia kazi sasa hivi, na umeme ukikatika, meza inapinduka na yaliyokuwa juu yake hayapo tena. Depo ni diski: yanayoingia humo yanakaa hata mashine ikizimwa mwezi mzima. Kuhifadhi ni kuvitoa vitu mezani na kuviingiza depo. Mtu anayeandika saa tatu bila kuhifadhi amepanga vitenge vyake vyote kwenye meza chini ya mawingu. Katika mji ambao umeme hukatika bila kubisha hodi, hilo si jambo dogo. Mikono ya muuzaji, alisema, ndiyo ile kitu inayofanya hesabu, prosesa. Muuzaji mwenye mikono myepesi na meza nyembamba bado atachelewa, kwa sababu kila mara atakimbia depo. Ndiyo maana mashine nyingine huamka ukiongezewa meza tu, bila kuguswa mikono wala depo.

Niliandika yote hayo kwenye daftari kama nilivyoandika maneno ya babu. Katika miaka minne ya masomo, hakuna aliyewahi kunieleza tofauti hiyo kwa namna ambayo ningeweza kumweleza mtu mwingine kesho yake. Nilifundishwa kwamba mashine ina "mémoire". Na neno hilo, kwa sisi wanafunzi wa Kongo, tayari lina mzigo: ni kumbukumbu ya kichwani, ni kazi ya kumalizia masomo, ni nafasi ya simu iliyojaa, ni meza na ni depo. Mtu akisema "memwari imejaa" hujui kama anahitaji kufunga madirisha, kufuta picha, au kupumzika. Hata sanduku lenyewe lina jina lenye utata: hapa tunaliita "unité centrale", na vitabu vinatumia maneno hayohayo kwa prosesa iliyo ndani yake.

Nikageukia Kiswahili, nikidhani huko nitapata dawa. Kazi kubwa imefanyika kule Tanzania na Kenya. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ukaipa jina la Jambo, na kwa ajili hiyo maneno mamia yalibidi yatafutwe au yaundwe. Baraza la Kiswahili la Taifa la huko, BAKITA, limekuwa likisanifisha istilahi tangu 1967. Nilikusanya orodha: kompyuta na tarakilishi, kipanya, kibodi na kicharazio, kiwambo, kabrasha, faili, kivinjari, nenosiri, pakua na pakia. Niliipeleka sekretaria kwa fahari, kama mtu aliyeleta zawadi.

Mama aliisoma kwa sauti. Kwenye "kicharazio" alisimama. Kwenye "tarakilishi" aliondoa miwani.

"Hii ni Kiswahili ya wapi?"

"Ya Kenya, mama. Ni tarakimu na akili, zimeunganishwa."

"Ni muzuri," alisema kwa heshima ile ya mtu anayesifia nguo ambayo hataivaa. "Lakini mteja akiingia akasema hii, mimi nitafikiri anatafuta ofisi ingine."

Kipanya alikikubali mara moja, kwa sababu Kifaransa nacho kinasema panya, na yeyote aliyewahi kuona kile kifaa na waya wake anaona mkia. Aliyekibuni, Douglas Engelbart, alikionyesha hadharani San Francisco mwezi wa Desemba 1968, kikiwa tayari kinaitwa hivyo. "Pakua" pia aliipenda, kwa maana mtu hupakua mzigo kutoka baleinière pale bandarini, na kila mtoto wa mto anajua nani anapokea na nani anatoa. "Kabrasha" halikumwambia kitu. Lakini nilipomwambia kwamba ni farde, ile karatasi ngumu ya kutunzia barua tunayobeba tukienda komini kutafuta cheti, alicheka: "Basi sema farde!"

Siku ile nilielewa jambo ambalo sikulipata darasani. Nilikuwa nafikiri tatizo letu ni kwamba maneno ya kompyuta ni ya kigeni. Wapo wanaosema kwamba folda, faili na meza ya kazi ni vitu vya ofisi ya Marekani, na ni kweli kwamba picha hiyo ya ofisi kwenye skrini ilitengenezwa na watu wa Xerox, ikauzwa sokoni mwaka 1981 na mashine yao iliyoitwa Star. Lakini ofisi si ngeni Kisangani. Hakuna mtu hapa ambaye hajawahi kusubiri mbele ya meza iliyojaa dosye, yake ikiwa chini kabisa. Ugeni peke yake haumzuii mtu. Wafaransa wenyewe walihitaji jina la mashine hii mwaka 1955. IBM ya Ufaransa ilimwomba ushauri Jacques Perret, profesa wa Kilatini wa Sorbonne, naye kwa barua ya tarehe 16 Aprili akapendekeza "ordinateur", neno la zamani lililokuwa likisemwa juu ya Mungu anayepanga ulimwengu. Leo anayesema "ordi" pale Makiso hamwoni Mungu ndani yake wala Kilatini. Analisema tu, na linafanya kazi.

Kwa hiyo neno linaweza kuwa geni na likatumika, na linaweza kuwa la kwetu kabisa na lisitumike. Kinachomwangusha mtu ni ufupi. Maneno haya yanatupwa kwetu yakiwa uchi: memwari, njia ya mkato, kuhifadhi, kuformatea. Yanafanana kama maneno mafupi ya ngoma yanavyofanana ukishatoa konsonanti na irabu. Anayejua tayari anasikia tofauti. Asiyejua anasikia sauti mbili tu, juu na chini, na anakisia.

Babu angejua la kufanya. Mpigaji haendi kutafuta neno jipya lililo zuri zaidi. Anachukua neno lililopo, la Kilokele au la kuazima, na kulitia mkia. Kumbukumbu ya mezani, inayopinduka umeme ukikatika. Kumbukumbu ya depo, inayolala humo mpaka uitoe. Njia ya mkato, yenye mshale, inayoonyesha nyumba bila kuibeba. Kuhifadhi, kuingiza depo kabla ya mvua. Mkia ukishazoeleka, unaweza kuuacha na kusema neno fupi, kwa maana msikilizaji atauongeza mwenyewe kichwani. Lakini hauwezi kuanza bila mkia. Orodha za istilahi tunazozichapisha zinaanza pale ambapo zingepaswa kumalizikia.

Sisemi kwamba orodha hizo ni bure. Anayeandika kitabu cha sekondari hawezi kuandika mkia kila mstari, na bila watu wa Dar es Salaam nisingekuwa hata na la kubishana nalo. Wala sisemi maneno ya mama yawe ya Kiswahili kizima. Mvuvi wa Zanzibar labda atasema dau na ghala. Nasema tu kwamba sisi wa idara za lugha, tukipewa kazi ya istilahi, tunakimbilia kuunda jina, na tunamwachia mtu wa sekretaria kazi ya kueleza. Yeye ndiye anayejua neno limeshika au limeteleza, kwa sababu lililoteleza linarudi kwake likiwa na machozi.

Nilimpigia babu simu kumwambia. Ilibidi nimweleze kwanza njia ya mkato ni nini, na nilitumia maneno ya mama: nilibeba njia, nyumba nikaiacha, nyumba ikabomolewa. Alielewa upesi kuliko mimi. Alicheka, kisha akasema kwamba mpiga ngoma hasemi habari mara moja. Anaisema, anairudia, anasubiri jibu kutoka kijiji cha pili, ndipo anaweka fimbo chini. "Wewe ulisema mara moja," aliniambia, "na hukusubiri kuitikiwa." Tukapatana kwamba nitashuka mwezi wa Desemba tuanze upya.

Alituacha mwezi wa Novemba. Nilishuka, lakini kwa matanga.

Fundi aliyeisafisha ile mashine nilimpata mwezi wa Januari, kwa msaada wa mama. Aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: tangu alipoiformatea, ni vitu vingapi vimeingia humo? Kumbe neno hilo nalo linadanganya. Tulikuwa tunasema "kusafisha", kama kufagia. Lakini kuformatea kwa haraka, kama alivyofanya yeye, ni kuchana daftari la mlinzi wa depo. Mizigo yenyewe inabaki ilipo, bila jina, mpaka mizigo mingine iwekwe juu yake. Mtu aliyepoteza kazi yake anatakiwa kuiacha mashine palepale, asiandike kitu, amwite anayejua. Sisi tulikuwa tumeitumia miezi minne. Alipitisha programu yake ya kutafutia usiku mzima. Kurasa 38 hazikupatikana hata moja. Zilipatikana sauti mbili: moja imekatika katikati, nyingine nzima, dakika 6.

Katika hizo dakika 6 babu anapiga mikia saba, na jogoo wa jirani anamwingilia kila mara. Kuna mahali anasimama, ananiuliza kama ile simu bado inasikia, nami nasikika nikimjibu: "Ndiyo, Koko, yote inaingia." Sauti hiyo sasa iko katika flashi mbili, katika mashine ya mama, na katika simu ya dada yangu aliye Kinshasa. Kila nilipoinakili nilitazama uzito wake: Mo 6 na kidogo. Kila mara niliifungua upande wa pili na kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kuchomoa.

Memwari yangu imekuwa ndogo kuliko niliyoipanga. Ina mikia saba ya kwenye sauti, na mingine iliyobaki katika daftari langu la mkono, ambayo toni zake nazihakikisha na wazee wengine wawili wa kijiji kile. Kazi inaendelea.

Kwenye ukuta wa sekretaria kuna karatasi niliyoiandika pamoja na mama, kwa Kiswahili cha hapa, herufi kubwa. Ina maneno sita tu. Wiki iliyopita nilimkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mbele ya mashine, flashi mkononi, amesimama akiisoma. Kisha akainama karibu na skrini, akaweka kidole juu ya alama moja, na bila aibu akamwuliza mama: "Mama, hii iko na mshale?"

"Iko nao," mama akamjibu. "Sasa twende tutafute nyumba."